Damu Yangu na Kuku wa Wageni

Nywele zangu zimerudi, lakini zimerudi laini kama za kichanga, na watu wa hapa Kinampanda wakinikuta njiani wanataka kuzishika. Nawaachia washike. Wengine wakishamaliza kushika wananivuta pembeni, wananiuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu dada yao amekutwa na uvimbe, au wao wenyewe wameukuta wakiwa wanaoga. Nimesimulia habari hii kanisani, gulioni na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila mara nasahau kipande. Sasa nimekaa chini niiandike yote, anayeitaka aisome akiwa peke yake na chai yake.

Mimi si daktari. Niliishia darasa la saba, nikashona nguo za watu mpaka mgongo ukapinda. Ukitaka kujua kansa inatoka wapi, usiniulize mimi. Ninachoweza kukuambia ni jinsi inavyokaa ndani ya nyumba ya watu.

Uvimbe niliukuta wakati wa kuvuna alizeti, kwenye titi la kushoto. Nilijidanganya kwamba ni kamba ya mzigo iliyonibana, na mavuno yakaisha nikiwa bado najidanganya. Kwenye miezi ya baridi nilikatwa titi katika hospitali kubwa iliyo nje ya mkoa wetu. Mvua za kwanza ziliponyesha, wenzangu wakiwa shambani wanapanda, mimi nilianza dripu. Unawekewa dawa kwenye mshipa, unarudi nyumbani wiki tatu kuugua hiyo dawa, halafu unarudi kuwekewa nyingine. Kabla ya kila dripu wanakutoa damu wanaipima. Damu isipofika kiwango wanachotaka, dawa hupewi hata kama umetoka mbali namna gani.

Na sisi tulikuwa tunatoka mbali. Mume wangu, Baba Elisante, alikuwa ananisindikiza kila safari. Tulilala njiani Mwankoko, Singida mjini, kwa kaka yake mkubwa, na kulipopambazuka tukapanda basi. Mume wangu ni mtu asiyesema. Anaweza kukaa ndani ya basi kutwa nzima bila neno, ila mkono wake ulikuwa umeshika mfuko wa plastiki tayari, kwa ajili ya matapishi yangu.

Dripu ya kwanza ilinikuta na mwili wangu, ya pili ikaniacha bila. Nywele nilizikuta kwenye mto asubuhi, zimelala pale kama mtu mwingine. Kucha zikawa nyeusi. Mdomo ukawa na ladha ya msumari, hata maji yalikuwa ya msumari. Lakini adui wangu mkubwa ilikuwa harufu, hasa harufu ya kuku akichemka. Ilikuwa inaniinua kitandani na kunitupa nje, mimi niliyepika kuku maisha yangu yote.

Na kuku walichemka kila siku. Hapa lazima niwaeleze habari ya wageni.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Watu walikuja kutoka Kiomboi, kutoka Mkalama, kutoka vijiji ambavyo sikujua tuna ndugu huko. Walikuja na unga, na sukari, na mafuta ya alizeti, na kuku aliyefungwa miguu. Waliniambia pole, nikaitikia nimeshapoa, wakaomba, wakakaa. Sasa mtu aliyetembea kutoka mbali kuja kukuona hawezi kuondoka na njaa. Wala huwezi kumpa mlenda, mboga ya majani ya kila siku, kama kibarua. Anachinjiwa. Kuku wa kwetu wanajulikana nchi nzima, malori yanakuja kuwabeba, lakini sisi wenyewe tunamla kuku akija mkwe, ikija Krismasi au akija mgeni. Kwa hiyo kuku aliyeletwa na mgeni wa Jumatatu alichinjwa kwa ajili ya mgeni wa Jumatano, na mgeni wa Jumatano alikuwa ameleta wake wa Ijumaa.

Aliyesimamia jiko ni mama mkwe wangu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, ambaye tangu niolewe sijawahi kumwona ameketi wakati mtu mwingine anafanya kazi. Mwanzoni aliniletea supu. Nikaitapika kwenye kitenge chake. Akaniletea tena kesho yake, nikaitapika tena. Basi akaamua kwamba mgonjwa hawezi kuku, akaniweka kwenye uji mweupe wa mahindi, asubuhi, mchana na jioni, na kikombe cha juisi ya rozela kwa ajili ya kuongeza damu, maana rozela ni nyekundu na damu ni nyekundu. Hakuna aliyeona kosa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipaza sauti kutoka chumbani, "Mama, wageni wameshakula?" na nikisikia wameshakula, nalala kwa amani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwa wanawekewa dripu.

Miguu yangu ikaanza kujaa, na uso pia ukajaa. Wageni wakafurahi. "Mama Elisante, umenawiri!" waliniambia. Nikaamini, nikajitazama kwenye kioo nikaona kweli mashavu yamerudi. Ukibonyeza mguu kwa kidole kishimo kilibaki pale pale, lakini nani anabonyeza mguu wa mtu aliyenawiri?

Safari ya tatu tulifika hospitali mapema, nikatolewa damu, tukakaa kwenye benchi kusubiri majibu. Wanaosubiri pale wanajuana kwa vilemba. Jirani yangu alikuwa Mwanahamisi wa Itigi, mjane wa mfanyakazi wa reli, mcheshi, aliyekuwa na kansa ya kizazi. Alikuwa anatafuna kipande cha tangawizi kuzuia kichefuchefu, akanimegea na mimi.

"Dada, wakikuita ndani usikubali kuambiwa damu ndogo kama mtoto," alinifundisha. "Uliza ni ngapi. Uliza na safari iliyopita ilikuwa ngapi. Ni damu yako, siyo ya serikali."

Nilipoitwa, daktari alisema damu haijafika, nirudi baada ya wiki moja. Sikuuliza ngapi. Nilifurahi, kusema ukweli. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Tulikaa Mwankoko wiki hiyo, na shemeji yangu ni mtu anayeheshimika, kwa hiyo wageni wakanifuata huko huko, nao wakachinjiwa.

Baada ya wiki damu ilikuwa imeshuka zaidi. Safari hii daktari hakutuacha tuondoke. Aliniambia nivue viatu, akabonyeza mguu wangu, kishimo kikabaki, na yeye hakusema nimenawiri.

"Siyo damu peke yake, mama," alisema. "Madini chuma yako chini, na protini ya kwenye damu iko chini sana. Kuvimba huku kunatoka hapo."

Nikamkumbuka Mwanahamisi. "Ni ngapi?" nikauliza.

Akanionyesha kwenye karatasi mahali ilipotakiwa kuwa na mahali ilipo. Palikuwa mbali.

"Dawa inakusaidia," aliendelea, "hilo naliona. Lakini nikikupa leo na mwili ulivyo, dawa yenyewe inaweza kukumaliza. Na nikiendelea kuahirisha, ugonjwa unapata nafasi ya kurudi. Chuma nitakupa vidonge. Ukija safari ijayo ikiwa hivi, itabidi tusimamishe hii dawa, na sina nyingine nzuri kama hii ya kukupa."

Alinipa wiki mbili. Mume wangu alikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa cha kupangusia meza.

Kabla ya kuondoka tulipelekwa kwa afisa lishe, binti wa umri wa mtoto wangu wa mwisho. Aliniamkia vizuri, akavuta kiti karibu.

"Asubuhi unakula nini, mama?"

"Uji."

"Mchana?"

"Uji."

"Nyumbani mnafuga?"

Hapo mume wangu akapata la kusema. "Tunafuga kuku," alisema, na kifua kikanyooka. "Wengi tu."

"Mayai yanakwenda wapi?"

"Mengine tunauza. Mengine wanachemshiwa wageni na chai."

"Na hao kuku, baba, wanaliwa na nani?"

Nilimtazama mume wangu, na yeye akaitazama kofia. Kama ingekuwa habari ya nyumba ya mtu mwingine ningecheka mpaka nikaanguka.

"Wageni," alisema mwishowe.

Yule binti hakutucheka. Alisema kwao Mkalama ni hivyo hivyo, bibi yake aliugua na kuku wakaisha bandani bila yeye kuonja paja. Halafu akatuambia mambo ya kawaida kabisa. Nile kidogo kidogo, mara nyingi. Nyama ipikwe mbali na nilipolala, nipewe ikiwa imepoa, kwa sababu kilichopoa hakina harufu kali. Yai la kuchemsha. Maini. Dagaa wasagwe watiwe kwenye uji pamoja na karanga. Mboga za majani na limau. Hakusema tufukuze wageni. Alisema tu, "Mgonjwa ale kwanza."

Ukisikia hivyo unaona ni rahisi. Nenda kawaambie watu wa kwetu.

Tulipofika nyumbani, mume wangu alimweleza mama yake palepale jikoni, mimi nikiwa nimekaa mlangoni. Alimsikiliza huku anageuza ugali, hakuacha kugeuza.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua mkeo," alisema.

"Sijasema hivyo, Mama."

"Umesema. Unataka mtu atoke Kiomboi kwa miguu, afike hapa nimpe mlenda? Watasema ugonjwa umetufanya wachoyo."

"Waseme!" Mume wangu alipaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kwa mama yake, wala majirani hawajawahi. "Waseme wanavyotaka. Na nikimzika watasema nini?"

Mama mkwe aliipua ugali, akaufunika, akajifunga kitenge vizuri, akaenda nyumbani kwake upande wa pili wa ua. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa yake. Niliona moshi ukitoka jikoni kwake na mimi siwezi kumfuata. Ule mwanamke ndiye aliyenifundisha nyumba. Nililia zaidi kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya titi. Nilijisemea, nakufa, na kabla sijafa nimemtenganisha mtu na mama yake.

Mume wangu akaingia jikoni. Wanaume wa kwetu jikoni hawaingii, na huyu alipoingia nilielewa kwa nini. Mayai yake yalichemka mpaka yakawa mawe. Dagaa aliwasaga na mchanga wao. Lakini alinikalia mbele mpaka nimeze, na kila nilipotapika alisubiri, akanyanyua kijiko tena. Nilikula huku machozi yanatiririka, na yeye hakuniambia nyamaza. Wageni waliokuja siku hizo walipewa chai tupu na binti wa jirani, na niliwaona wakitazamana.

Wakati siku za kurudi hospitali zinakaribia, akaja mgeni asiyeweza kupewa chai tupu. Ni shemeji yangu mkubwa kutoka Mwankoko, kifungua mimba wa mama mkwe, pamoja na mkewe na wazee wa kanisa. Kulipokucha tu nilisikia mama mkwe yuko jikoni kwangu. Nilijikokota nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu, basi.

Baadaye nikasikia kuku anakimbizwa uani, halafu kelele zikakoma. Nikarudi ndani nikajilaza. Sikukasirika. Nilihisi tu kwamba nimeshindwa, kwamba heshima ya nyumba ni kitu kikubwa kuliko mimi.

Wageni walikaa sebuleni, na mimi nikaletwa nikaketishwa kwenye mkeka, mito mgongoni, ili wanione. Maji ya kunawa yakapita. Mama mkwe akaingia na chakula, akafunua. Ugali wa mtama, mlenda, kunde. Shemeji alitazama mezani, halafu akatazama mlango, kama mtu anayejua kuna bakuli jingine linakuja. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanamume mkubwa aliyepo. Mwanamke haigusi, na mtoto hata kuiota haioti.

Bakuli likaja kweli, dogo, lina kifuniko. Mama mkwe akalibeba akampita shemeji, akawapita wazee wa kanisa, akaja kupiga magoti mbele yangu. Mama mkwe, mbele ya mkamwana. Akafunua. Ndani mlikuwa na maini, nyama ya kidari iliyochambuliwa ikapoa, na firigisi imekatwa vipande vidogo vidogo kama vya mtoto anayeota meno.

"Kuku wa leo ana mwenyewe," aliwaambia bila kugeuka. "Anayeona nimemvunjia heshima aseme sasa hivi, nimjibu."

Ndipo akaanza kusema kwa Kinyiramba, taratibu, na mimi nayaweka hapa kwa Kiswahili. Alikuwa na binti, Naomi, mdogo wa mume wangu, aliyefariki kabla sijaolewa. Miaka yote hiyo hakuwahi kumtaja mbele yangu.

"Naomi aliumwa kwenye chumba kile pale," alisema. "Watu walikuja wengi kumwona, na mimi nikawapikia. Nilipika vizuri, kila mtu alinisifu. Waliponiita kwamba anakata roho, nilikimbia na manyoya ya kuku mikononi. Sikujua siku hiyo alikula nini. Mpaka leo sijui. Huyu nitajua."

Mume wangu alitoka nje. Shemeji akavuta sahani ya mlenda kwake, akamega tonge.

"Mama, huu mlenda una karanga?" aliuliza.

"Unazo."

"Basi mimi sina neno."

Mzee mmoja wa kanisa akacheka, na wote wakala. Na mimi nikala. Firigisi sikuwahi kuionja, tangu utoto wangu ilikuwa ya baba. Nilitafuna polepole, na mama mkwe hakuondoka kwenye magoti yake mpaka bakuli lilipobaki nusu. Baadaye kidogo nikatapika sehemu yake. Alinisafisha mdomo kwa ncha ya kitenge chake, akasema kesho tutajaribu tena, na kesho yake tukajaribu tena.

Habari zilienea. Wageni waliendelea kuja, wakala mlenda, na wengi wakaanza kuja na mayai wakisema haya ni ya mgonjwa. Wachache waliacha kuja, na nikajua walikuwa wanafuata nini.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuku anatibu kansa. Mwanahamisi wa Itigi alikuwa anakula vizuri kuliko mimi, damu yake ilifika kila safari, na bado ugonjwa ulimshinda, tumemzika. Asije mtu akamlaumu mgonjwa wake kwamba hakula. Kuna siku kula hakuwezekani, na siku hizo mkalie tu karibu. Ninachosema ni kwamba dawa nayo inataka mwili wa kusimamia, na mwili huo wakati mwingine uko kwenye sahani aliyopewa mtu mwingine. Waulize wahudumu wako mgonjwa ale nini, kisha uangalie nani anakula.

Siku ya kurudi hospitali ilifika, na mvua ilikuwa imekatika, mtama umeshika. Nilitolewa damu, tukakaa kwenye benchi. Siwezi kueleza ile saa. Miguu yangu ilikuwa imepungua, nilikuwa naibonyeza na kuibonyeza, mpaka mume wangu akaushika mkono wangu. Mwanahamisi, ambaye siku hiyo alikuwa hai na kilemba chake cha njano, aliniombea kwa dua yake na mimi nikaitikia amina.

Nikaitwa. Daktari alisoma karatasi, akarudia kuisoma.

"Imefika," alisema. "Imegusa mstari tu, mama, lakini imefika. Leo unapata dawa."

Nadhani hajawahi kuona mtu anayemshukuru namna ile kwa kitu cha kumtapisha wiki nzima. Nililia, nikacheka, nikamuuliza ni ngapi, akanionyesha.

Nilikuwa nimeshaketi kwenye kiti cha dripu, nesi anatafuta mshipa, mume wangu aliporudi kutoka nje alikokuwa akipiga simu nyumbani. Alikuwa amesimama na simu mkononi, hajui aiweke wapi.

"Mama amesemaje?" nilimuuliza.

"Nimemwambia imefika. Hajasema kitu."

"Imekatika?"

"Haijakatika. Analia."

Nilimwomba nesi anisubiri kidogo. Nikaichukua simu kwa mkono uliokuwa huru, nikaiweka sikioni, na kweli nikamsikia, yule mwanamke mkavu, analia kwa sauti kama mtoto.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Alivuta pumzi, akajifuta, nikasikia kitenge kikigusa simu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekula?"